Pini ya ekseli ya mbele: wiki mbili za Massey Ferguson 135 kwenye turi (mashini ya kukereza chuma) ya nyumbani, Lubumbashi

Mwezi wa nane vumbi jekundu limetanda kila mahali, mvua bado ziko mbali, na wenye mashamba wa barabara ya Kasenga ndipo wanapokumbuka trakta zao. Wakingoja mwezi wa kumi na moja wamechelewa, kwa sababu mahindi hayamsubiri fundi, na bila mahindi hakuna bukari, ugali wetu. Trakta ya kazi hii ilifika kwa kuvutwa. Ni Massey Ferguson 135, mashini iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1964 na 1975. Kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote ina miaka hamsini hivi, na mafundi wengi wameshaipitia. Hilo la mwisho ndilo lililotugharimu zaidi.

Mwenye shamba alilalamikia usukani: "Papa fundi, inakwenda inakotaka yenyewe." Wengi wakisikia hivyo wanakimbilia viungo vya usukani. Kabla ya kununua chochote, inua mbele kwa jeki iliyokaa chini ya mwili wa trakta, si chini ya boriti ya ekseli, kisha ingiza nondo chini ya boriti katikati na uibetue. Boriti ile inabembea juu ya pini moja tu iliyoko katikati, ndiyo maana gurudumu moja linaweza kupanda jiwe na lingine likabaki chini. Yetu ilicheza kama milimita 3. Ukishaiinua, piga kabari za mbao kati ya boriti na fremu ya mbele, kulia na kushoto. Trakta iliyo juu ya jeki, ikiwa boriti yake haijazuiwa, inaweza kulala ubavu bila kukupa hata sekunde ya kukimbia.

Pini ilitoka kwa nyundo ya shaba na maneno yasiyoandikika. Tukaiosha kwa mazuti, yaani dizeli, tukaipima, na hapo tukafanya kosa la kwanza: kalipa, mahali pamoja, mara moja. Ilisoma 31.5, tukasema imelika robo ya milimita tu. Kesho yake tulirudi na mikromita, ile tunayoiita palmeri, tukapima sehemu sita na kila sehemu pande mbili. Ncha ambayo haijaguswa na kitu ilisoma 31.75, yaani inchi moja na robo. Katikati, kutoka juu kwenda chini, ilisoma 30.85. Pini haikuwa mviringo tena. Taya pana za kalipa zilikuwa zimelala ubavuni, mahali ambapo haijalika sana.

Ukiielewa njia ya uzito, utajua pa kupima. Uzito wa injini unashuka kupitia fremu hadi kwenye pini, na pini inaukandamiza kwenye boriti. Kwa hiyo pini inalika upande wa chini, bushi (ganda la duara linaloishika pini) iliyo ndani ya boriti inalika chini, lakini matundu ya fremu yanayoshika ncha za pini yanalika juu. Pini inatakiwa ifungwe kwenye fremu isizunguke, na ichakae dhidi ya bushi peke yake. Ya hapa bolti ya kuifunga haikuwepo. Fundi fulani aliitoa akaweka msumari, msumari ukakatika, pini ikaanza kuzunguka ndani ya fremu nayo. Ukitengeneza pini na bushi bila kurudisha bolti ile, utaifanya kazi yote upya baada ya msimu mmoja.

Tukajaribu njia ya mkato. Tulichomelea pini kwa elektrodi za 7018 upande uliolika, tukitaka kuikereza irudi 31.75. Asubuhi moja ikapotea pamoja na elektrodi kumi na nne. Mshono wa kulehemu ukipoa unasinyaa, na ukijaza upande mmoja tu pini inapinda kuelekea upande huo. Saa ya kupimia ilionyesha pini imepinda, sindano ikacheza milimita 0.6 kwa mzunguko mmoja. Tukainyoosha, tukakata tabaka la kwanza, ikapinda tena, kwa sababu ule mvutano uliokuwa umejifungia ndani ya chuma ulifunguka mara tulipoondoa nyama ya juu. Anayetaka kuifuata njia hii lazima apashe pini joto kwanza ifike kama nyuzi 200, aweke mstari mmoja, ageuze upande wa pili, aweke mwingine, azunguke hivyo hadi mwisho, kisha aifukie kwenye majivu au chokaa ipoe polepole. Elektrodi za 7018 nazo lazima ziwe kavu, kwa maana zikinywa unyevu mshono unajaa vitundu na nyufa. Ukianza kukereza, kisu kiingie mara moja chini ya gamba, milimita 1 au zaidi. Kikipapasa juu ya gamba, ncha ya kabaidi, ile ngumu sana ya kisu, inavunjika.

Na usichomelee kitu kikiwa kimefungwa kwenye turi, hata kama ni mshono mdogo. Umeme wa kulehemu unatafuta njia ya kurudi, na njia iliyo karibu ni beringi za spindo, ule mhimili wa turi unaozunguka. Unaacha vidonda vidogo kwenye njia za mipira. Baada ya hapo turi inaanza kuimba, na wewe utailaumu mashini.

Siku ya nne ndipo tulipokaa chini na kufikiri kama tulivyotakiwa kufikiri siku ya kwanza. Turi ya nyumbani, tena iliyozeeka, ni vigumu itoe fito refu lililo laini, lililonyooka, gumu usoni na lenye kipimo kilekile kutoka ncha hadi ncha. Bushi fupi ya bronzi inaiweza vizuri sana. Kwa hiyo nunua fito lililokwisha kutengenezwa kiwandani, kisha tengeneza bushi ilifuate. Fito la namna hiyo liko kila mahali katika mji wa migodi: fimbo ya krome ya silinda ya haidroliki. Tulipata kipande cha milimita 32, sentimita 30, kwa dola 18. Palmeri ikasoma 31.96 kote, ncha hadi ncha, bila sisi kukigusa. Kagua krome kabla ya kulipa. Ikiwa inamenyeka au ina vidoa vya kutu, achana nayo, maana ganda la krome likibanduka ndani ya bushi ni kisu.

Krome ni ngumu, na baadhi ya fimbo hizi zimepashwa zikakazwa chini yake pia. Kisu cha chuma cha kawaida kitateleza juu yake na kuungua. Kata urefu kwa jiwe la kukatia, kisha unapotaka kuchonga sehemu ya bolti ya kufungia, chukua kabaidi na uzame chini ya ngozi kwa mkato mmoja.

Matundu ya fremu tuliyapanua kwa rima (kisu cha mviringo cha kupanulia tundu) ya mkono ya milimita 32. Yalikuwa 31.75 upande mmoja, na juu yamelika, hivyo rima ilikuwa na robo ya milimita tu ya kuondoa. Fremu ni ya fonti, yaani chuma cha kutupwa, na fonti inakatwa kavu, bila mafuta. Tatizo ni kwamba rima inapenda kukimbilia upande ambao tundu limekwisha kulika, na mwisho wake tundu linahama. Tulikereza kiongozi, silinda ndogo ya chuma inayokaa kwenye tundu la upande wa pili na kuushika mkia wa rima, matundu yote mawili yakabaki kwenye mstari mmoja. Juu ya tundu moja lilibaki kovu dogo lisilofika, tukaliacha. Kovu dogo hivyo, chuma kinacholizunguka kikiwa kinabeba uzito, halina kesi. Tukatoboa tundu jipya la bolti ya kufungia.

Sasa bushi. Hapa Lubumbashi mtu akikuambia "nina shaba nzuri," anakuambia kweli, na hapo ndipo mtego ulipo. Tuliletewa kipande kinene cha shaba nyekundu, karibu cha bure. Shaba tupu haifai bushi. Ni laini, inanata, chini ya uzito inajipaka kwenye pini na kung'ang'ania. Hata kwenye turi inajitambulisha yenyewe: inatoa utepe mrefu unaojisokota kwenye mandrini (kichwa chenye taya kinachoshika kazi), na uso unabaki na michubuko. Bronzi ya bati, ile yenye bati karibu sehemu 10 hadi 12 kwa mia, rangi yake inaelekea manjano ya kahawia na vipande vyake vinatoka vifupi. Tulinunua ya bushi kuukuu ya pampu, kwa kilo, dola 25. Kuna pia bronzi ya alumini, ngumu zaidi, yenye kung'aa kama dhahabu. Ni nzuri, lakini inataka pini ngumu sana na grisi ya uhakika. Kwa mtu anayekumbuka grisi mara moja kwa mwezi, bati ni rafiki zaidi.

Tundu la boriti lilisoma 38.10. Bushi ya kwanza tuliitengeneza hivi: nje 38.18, ndani 32.06, kwa pini ya 31.96. Kwenye karatasi tulikuwa na nafasi ya 0.10 na tukaridhika. Tukaisukuma ndani, pini ikaingia kwa mkono lakini kwa kusitasita, tukajiambia itajilainisha. Siku mbili shambani, boriti ikakataa kubembea na nipeli ya grisi ikawa haipokei kitu.

Maelezo yake ni mepesi, na laiti tungeyajua kabla. Bushi yenye ukuta wa milimita 3 ukiiingiza kwa nguvu kwenye chuma kinene, chuma hakitanuki, bushi ndiyo inayokubali. Karibu kila kiasi ulichoiongeza nje kinahamia ndani. Tulibana 0.08, tundu la ndani likapungua kama 0.07, nafasi yetu ya 0.10 ikabaki 0.03. Grisi haikupata pa kukaa.

Bushi ya pili: nje 38.15, yaani kubana 0.05, na ndani 32.05 kwa makusudi, ili baada ya kusukumwa ibaki karibu 32.00 na imaliziwe ikiwa mahali pake. Tuliimalizia kwa rima inayorekebishwa, tukiongeza kidogo kidogo, kwa kiongozi kilekile, hadi 32.06. Rima hiyo ni dola 45, na ni pesa ambayo haikuuma. Kuna anayetumia kitambaa cha msasa kilichozungushiwa fito. Usikubali: punje za msasa zinazama kwenye bronzi laini, zinabaki humo, na kutoka hapo bushi yako inakuwa tupa inayoila pini kimya kimya.

Mambo mengine ya bushi, kwa haraka. Nje na ndani zikerezwe katika kufunga kumoja, kisha ndipo uikate itoke kwenye fito. Ukiifungua na kuigeuza, taya tatu za mandrini zinaibana ukuta mwembamba, unakereza duara zuri, unalegeza na kukuta pembetatu. Kisu cha ndani kikiwa kirefu kinajikunja, tundu linatoka jembamba mwishoni; pitisha mara mbili au tatu kwa kipimo kilekile bila kuongeza. Bronzi inataka kisu kikali chenye uso bapa, kwa sababu kisu kilichoinamishwa kama cha chuma kinajivuta ndani na kung'oa. Na usipime bushi ikiwa moto. Bronzi ya milimita 38 ikipanda nyuzi 30 inanenepa milimita 0.02, na katika mwezi wa kumi, chini ya mabati, nyuzi 30 zinapanda bila kuombwa. Iache nusu saa kivulini.

Mashinikizo ya haidroliki hatuna. Fito la hesi (meno ya skrubu) la milimita 16, nati mbili na vipande viwili vya bamba nene vinatosha kuivuta bushi ndani. Usiku wa kuamkia siku hiyo bushi ililala kwenye friza ya mama anayeuza maji ya barafu kona ya pili, imefungwa kwenye plastiki. Inasinyaa kama 0.03 na inaingia bila kukwaruza. Lakini nenda haraka, na uianzishe ikiwa imenyooka, kwa sababu ikiinama milimita chache za kwanza haitanyooka tena.

Njia ya grisi ilitufundisha adabu pia. Bushi ya kwanza tulikuwa tumeitoboa kabla ya kuiingiza, ikazunguka kidogo wakati wa kuvutwa, tundu lake likaangalia ukuta. Ya pili tulichonga kwanza mfereji wa duara ndani yake, mahali panapolingana na nipeli, ili hata ikizunguka grisi iupate. Baada ya kuivuta ndani tukatoboa kupitia tundu la nipeli lenyewe kwa keekee ya milimita 4, kabla ya rima ya mwisho, ili rima isafishe ukingo. Kisha mifereji miwili ya urefu kwa patasi ya mviringo, ikikoma milimita 6 kabla ya kila ncha. Iweke juu na ubavuni. Chini, panapobeba uzito, pasiwe na mfereji hata mmoja.

Kikabaki kitu tulichokidharau: nati ya gurudumu la mbele kulia. Ilikuwa ikilegea, kila mtu alikuwa akiikaza. Ncha ya ekseli ilikuwa na hesi ya robo tatu ya inchi, meno 16 kwa inchi, na mtu alikuwa ameivisha nati ya milimita 20 yenye hatua (umbali wa jino hadi jino) ya 1.5. Inaingia mizunguko kadhaa, inajifanya imeshika, na kumbe inashika vilele tu: hatua ya hesi ile ya inchi ni 1.5875. Gurudumu zima lilikuwa linaning'inia kwenye nyembe hizo. Kwenye trakta za Kiingereza za wakati ule usiamini nati yoyote kwa macho. Beba geji ya hesi za inchi na ya hesi za milimita, zote mbili.

Nati tuliikereza. Turi yetu ni ya milimita, na mtu atakuambia bila gia ya meno 127 huwezi kuchonga hesi za inchi. Ni kweli kwa usahihi kamili, kwa kuwa inchi ni 25.4 na 127 ndiyo namba inayoileta. Ila gia ya 80 ikiiendesha ya 63 inatoa 1.26984 badala ya 1.27. Weka boksi ya gia kwenye hatua ya 1.25, zidisha, unapata 1.5873. Kwenye nati yenye meno kumi kosa ni milimita 0.002, hakuna atakayeliona. Gia ya 63 tuliitoa kwenye turi iliyokufa, dola 15. Tundu la kuanzia ni 17.5. Ukishaifunga ile nati ya nusu inayoshika fito la kuendeshea, usiifungue hadi umalize. Toa kisu, rudisha nyuma kwa kugeuza mota, ingiza tena. Ukiifungua, kisu kitarudi mahali pengine na kukata hesi juu ya hesi. Kupima, tuliileta ekseli yenyewe na kuizungusha kwa mkono ndani ya nati ikiwa bado kwenye mandrini.

Umeme ulikatika katikati ya mkato wa tano. Hilo litakukuta. Usiguse nati ya nusu, wala usirudishe mandrini kwa mkono kisu kikiwa ndani ya chuma. Vuta kisu nje kwanza, andika namba ya gurudumu la kipimo kwa chaki, zima swichi ili mota isijirudishe yenyewe umeme ukifika, kisha nenda ukanywe chai. Jioni umeme ukiwa dhaifu usimalizie kipimo: mota inapunguza mwendo katikati ya mkato na uso unabaki na mikanda.

Kwa uaminifu, nati hiyo ilitumia saa tatu na nusu, na upande wa pili wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, inauzwa bei ya chakula cha mchana. Tuliitengeneza kwa sababu msimu wa kulima ulikuwa unakaribia. Ukiwa na wiki moja mkononi, agiza.

Kuna kazi nyingine za trakta hii tulizoombwa tukakataa. Mkono wa usukani uliopasuka hauchomelewi wala kukerezwa, unabadilishwa. Vilevile ncha ya ekseli yenye ufa. Fito la nyuma linaloendesha mashini, lile la inchi moja na tatu juu ya nane lenye meno sita, linazunguka mara 540 kwa dakika karibu na miguu ya watu, nunua. Matundu ya mikono ya kunyanyulia jembe ndiyo kazi nzuri ya turi: pini za chini ni za inchi saba juu ya nane, ya juu robo tatu, na bushi za chuma za kuyarudishia mviringo unazimaliza kwa nusu siku.

Pesa ya kazi iliyobaki ndani ya trakta haikufika dola 110, saa za mikono zikiwa pembeni. Iliyopotea ni elektrodi, bronzi ya bushi ya kwanza, mafuta ya gari ya kwenda shambani kuivuta tena, na siku tano.

Baada ya saa kumi za kulima tulirudi kukaza bolti ya kufungia pini, ikakubali robo ya mzunguko. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado zinanyesha, tukaipandisha tena kwenye jeki na kuingiza nondo. Saa ya kupimia ikasoma 0.13. Grisi mpya ikatoka pande zote mbili za boriti, kwanza nyekundu kwa udongo, halafu nyeusi, halafu rangi yake.